Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa DMV Colorado: RV ya tani 12 nayo iwe na leseni yake

Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Magari (DMV),
Jimbo la Colorado, Marekani

Mheshimiwa,

Dereva anayelipwa kuleta nyumba ya magurudumu, RV kama tunavyoziita, kutoka viwanda vya Elkhart, Indiana, hadi duka la Denver, lazima awe na CDL, yaani leseni ya kuendesha magari ya biashara, iwapo gari limevuka pauni 26,000, karibu tani 12. Awe amepimwa afya, amefaulu mtihani wa barabarani, na jina lake liwe kwenye orodha ya wanaopimwa dawa za kulevya. Mnunuzi naye anasaini karatasi, anapewa funguo, anatoka getini na gari lilelile kwa leseni ya gari dogo. Breki ni zilezile za upepo. Urefu haujapungua hata inchi moja. Tofauti ni kwamba huyu wa pili halipwi.

Sheria ya mwaka 1986 iliyoleta CDL inahusu magari ya biashara, na kwenda likizo si biashara. Kwa hiyo Washington iliwaachia majimbo pengo hili, na ndiyo maana barua nimeielekeza kwako. Nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu Wakenya, Watanzania na Wakongo tunaopitisha malori I-70, barabara kuu inayovuka milima ya Colorado, si wachache. Mkalimani hutamkosa hapo Aurora.

Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayetafuta CDL ya daraja A (malori yanayovuta trela nzito) au B (magari mazito yasiyovuta trela nzito) kwa mara ya kwanza hafanyi mtihani wa barabarani bila kupitia shule iliyosajiliwa. Huko tunafundishwa mteremko mpaka tunauota. Gia ndogo inawekwa kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Ukijipangia maili 40 kwa saa, unakanyaga breki mpaka ishuke 35, unaachia, unasubiri ipande tena. Asiyejua hukanyaga mfululizo. Ngoma za breki zikipata moto hutanuka, breki hazishiki, naye anazidi kukanyaga huku gari likizidi kukimbia. Halafu upepo wenyewe huchelewa kufika kwenye magurudumu: kwa mwendo wa maili 55, kuchelewa huko peke yake kunakuongezea futi 32 kabla ya kusimama. Mtu aliyezoea Toyota atayajulia wapi haya, na gari lenyewe lina futi 45, mkia wake unapepea upande wa pili kila akikata kona, na nyuma anakokota kigari kisichokubali rivasi?

Tarehe 25 Aprili 2019, lori la mbao lilishuka I-70 bila breki na kuua watu wanne Lakewood. Hoja kubwa dhidi ya dereva ilikuwa kwamba aliipita njia ya kuokolea magari yaliyofeli breki. Mahakama ilimpa miaka 110. Gavana Jared Polis akaipunguza ikawa 10. Simtetei. Mwenye CDL anatakiwa kuijua njia ile, na baadaye madereva wa malori wakafanyiwa hadi kampeni ya kanuni za milimani. Lakini mwenye RV, anayeshuka mlima huohuo kwa breki za aina hiyohiyo, nani alimwambia kwamba njia ile ni yake pia?

Kuna jambo linalonichekesha. Kampuni ya Prevost ya Québec huuza mabodi ya mabasi yake kwa mafundi wanaoyageuza nyumba. Likifungwa viti vya abiria, dereva wa biashara anahitaji CDL yenye kibali cha kubeba abiria. Likifungwa kochi, jiko na kitanda, basta, leseni ya kawaida inatosha. Sijaona kochi linalopunguza uzito wa basi.

Majimbo mengine yameshaamka. Texas na Pennsylvania zinataka daraja B lisilo la biashara kwa RV iliyozidi pauni 26,000. New York ina kibali chake, R. California inaangalia urefu, kuanzia zaidi ya futi 40. Sijasikia kwamba wastaafu wa Texas wameacha kusafiri.

Najua utasema wageni wa Florida watapita tu na leseni za kwao. Watapita, ni kweli. Najua pia wako wazee wa RV wanaoendesha kwa utulivu kutushinda sisi tunaokimbizana na saa za kupakua. Hao mtihani hautawasumbua. Wala siombi wapewe CDL, wapimwe mkojo, au waende kwa daktari kila miaka miwili kama sisi. Naomba daraja lisilo la biashara kwa RV zaidi ya pauni 26,000: maswali ya breki za upepo na miteremko, kisha mtihani wa barabarani ndani ya gari lenyewe, kona na rivasi zikiwemo. Wenye magari tayari wapewe miaka miwili ya kujiandaa.

Hili linahitaji sheria, na Bunge la jimbo hufungua kikao Januari. Peleka pendekezo mapema. Muswada ukisubiriwa, ruhusu mtihani wa hiari kwa wenye RV wanaotaka kujipima, kwenye viwanja vilevile tunavyofanyia sisi.

Wako,
Dereva wa lori, Aurora