Ratiba ya marejesho ndiyo inayowafukuza wakopaji

Mhariri,

Mijadala kuhusu ukopaji katika maeneo ya mbali huishia kwenye dhamana na riba. Zina uzito wake, lakini mara nyingi kinachomfanya mteja asaini au arudishe fomu ni ratiba ya marejesho. Mkulima anayevuna mara moja kwa mwaka, akidaiwa rejesho la kwanza siku 30 baada ya kupokea fedha, hulazimika kuumega mkopo wenyewe ili alipe. Pembejeo hupungua, na mavuno nayo. Majirani wanaliona hilo, na neno lao lina nguvu kuliko tangazo lolote la benki. Tawi likiwa mbali, safari 12 za kulipa zina nauli ileile kwa mkopo mdogo na mkubwa. Inasikitisha kwamba anayekopa kidogo ndiye anayeumia zaidi.

Benki ziruhusu riba pekee ilipwe wakati wa kilimo, deni la msingi lifuate baada ya mauzo, na mawakala wa karibu wapokee marejesho. Kabla ya kusaini, mteja apewe karatasi moja yenye jumla atakayolipa, bima na ada zikiwamo. Asilimia peke yake hupotosha: mkopo wa 1,200 kwa asilimia 2 kwa mwezi, ukilipwa kwa miezi 12, huzaa riba ya 288 ikikokotolewa kwenye kiasi cha awali, lakini 156 tu ikikokotolewa kwenye salio, deni la msingi likipungua kwa 100 kila mwezi. Afisa mikopo aieleze tofauti hiyo kwa lugha ya mteja, kisha amwachie siku kadhaa ashauriane na familia yake.