Njia za Gede zitengenezwe, kuta zilindwe

Mhariri,

Magofu ya Gede yaliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, fahari kubwa kwetu wa Pwani. Sasa tuzitazame njia zake. Masika yakishika, mgeni anayekwepa tope hukanyaga misingi ya nyumba za kale, na mawe yale ya matumbawe yakimeguka hayarudi. Njia zimwagwe changarawe, zisimwagwe zege, maana mizizi ya miti mikubwa imetambaa kote humo. Lile kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399, lizungushiwe kamba tu, lisomeke bila kuguswa. Pia watoto wa shule wawekewe viti vya kupumzikia, wasikalie kuta. Kazi ianze kabla ya mvua.

Mkazi wa Watamu, Kilifi