Simu ililia jikoni kwa bibi

Glasgow, 27 Januari 2025

Mdogo wangu Shabani,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Msomee Mama barua hii taratibu, na akikuuliza kama nimeumia, mwambie sijaumia hata ukucha. Najua habari za dhoruba ya Ijumaa zimefika Kivinje, maana nimekuta simu zenu kumi na moja sijazipokea. Mnisamehe. Siku ile nilikuwa nabana chaji, sijui umeme utakatika saa ngapi.

Nimeona niandike badala ya kupiga kwa sababu kuna jambo nataka ulisome zaidi ya mara moja.

Alhamisi jioni, kabla ya saa kumi na mbili, nilikuwa jikoni kwa bibi mmoja ninayemhudumia, nampashia supu ya dengu. Simu yangu iko mfukoni, nimeizima sauti kama kazi inavyotaka. Mara ikalia. Si mlio wa simu, Shabani, ni king'ora kabisa, huku simu yenyewe inatetemeka pajani. Nilidondosha mwiko. Simu ya bibi ni ile ya zamani ya vitufe, haikupokea kitu, kwa hiyo nikamsomea mimi: tahadhari nyekundu ya upepo, hatari kwa maisha, kesho watu wakae ndani. Jioni ile ujumbe huo uliingia kwenye simu za watu wapatao milioni 4.5, Scotland na Ireland ya Kaskazini.

Huku dhoruba wanazipa majina kwa kufuata herufi, desturi iliyoanza 2015. Hii ilikuwa ya tano kwa msimu huu, jina lake Éowyn. Wiki hiyohiyo theluji ilikuwa imeanguka mpaka New Orleans, kusini kabisa mwa Marekani. Baridi ile ilipokutana na hewa ya joto, mkondo wa upepo ulioko juu sana angani ukapata nguvu, ndio ulioivuta dhoruba kuvuka Atlantiki. Katika saa 24 mgandamizo wa hewa katikati yake ulishuka kwa hektopaskali 50 hivi (ndicho kipimo cha mgandamizo huo). Wataalamu wanasema ukishuka hektopaskali 24 tu kwa muda huo tayari dhoruba imejikuza kwa kasi ya kutisha.

Nilidhani bibi ataogopa. Akaniambia niweke chai kwenye chupa, kisha niketi. Ana miaka 88. Akanisimulia usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 1968, yeye akiwa na watoto wawili wadogo katika nyumba hizihizi za ghorofa za mawe. Mapaa ya nyumba hizi yana dohani nzito za mawe. Usiku ule upepo uliziangusha, zikapasua paa, zikapita dari moja baada ya jingine mpaka kwenye vitanda vya watu waliolala. Watu 20 walikufa katika eneo hili la katikati ya Scotland. Bibi alisema walilala kama siku zote. "Hakuna aliyetugongea mlango," akarudia mara mbili, mkono wake juu ya simu yangu iliyokuwa mezani, kana kwamba anaishika isiondoke.

Nikamkumbuka Bibi yetu. Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki alivyokuwa akisimulia kimbunga cha Lindi cha Aprili 1952: jinsi minazi ilivyolala chini yote upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Naye alimalizia hivyohivyo, kwamba hakuna aliyewaambia. Waliona tu mbingu imebadilika rangi, na hapo muda ulikuwa umekwisha.

Kabla sijaondoka nilimwachia bibi chakula cha siku mbili, tochi, blanketi la ziada na dawa zake nimezipanga. Ijumaa tahadhari nyekundu ilianza saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Treni zote za Scotland zilisimama. Shule zilifungwa. Nilikaa kwenye korido, mbali na madirisha, nikawa nampigia kila baada ya saa moja. Upepo huku hauvumi kama kusi letu, ambalo mtu analizoea. Unakuja kwa mapigo, unanyamaza, ukidhani umeondoka unarudi na kuigonga nyumba kama mtu aliyejitupa mlangoni kwa bega. Drumalbin, kusini kidogo mwa hapa, ulipimwa ukifika kilomita 161 kwa saa. Magharibi mwa Ireland ulifika 183, ukaivunja rekodi yao iliyodumu tangu 1945, na huko nyumba na maduka zaidi ya 700,000 yakakosa umeme. Mtu mmoja kule Donegal, Ireland, na kijana mmoja wa Ayrshire, si mbali nami, kila mmoja aliangukiwa na mti akiwa ndani ya gari. Mungu awape subira wafiwa.

Ukizingatia ukubwa wa upepo ule, ni wachache mno. Mamilioni ya watu walikaa ndani siku nzima kwa sababu walikuwa wameambiwa. Jumamosi asubuhi nilipokwenda kwa bibi nilipita bustanini, nikaona miti mikubwa imeng'oka na mizizi yake imeinuka juu kuliko mimi. Nilimkuta anataka uji.

Sasa nije kwako.

Kila TMA, watu wetu wa hali ya hewa, wakitoa angalizo, wewe unanitumia kwenye wasapu na kikatuni cha kucheka, unaandika "hao wameanza tena". Nimekaa kimya muda mrefu, mdogo wangu, lakini leo sitanyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na mawazo hayohayo.

Mwaka jana kulikuwa na siku ya onyo la njano. Msimamizi wangu wa wakati huo, nilikokuwa nafanya kazi kabla ya hapa, alisema njano si kitu, nenda kwa wateja wako kwa miguu. Nami nikaona kweli, njano ni njano tu. Nilikuwa nimebakiza hatua mbili kufika mlangoni kwa mteja, kigae cha jiwe kikatoka ghorofa ya nne na kupasuka mbele ya viatu vyangu. Kilivunjika kama sahani. Kipande kimoja kilikuwa kimesimama wima kwenye udongo wa chungu cha maua, kimeingia nusu. Nilikitazama kile kipande mpaka miguu ikaanza kutetemeka.

Baada ya hapo nikajifunza maana ya zile rangi. Nilidhani zinapima upepo: njano mdogo, chungwa wa kati, nyekundu mkubwa. Sivyo. Huku wanauliza maswali mawili: jambo hili lina uwezekano gani wa kutokea, na likitokea litaumiza kiasi gani? Njano inaweza kuwa madhara madogo ambayo karibu kila mtu atayaona. Inaweza pia kuwa madhara makubwa sana ambayo uwezekano wake ni mdogo. Rangi ni moja, mambo mawili tofauti kabisa. Novemba, ilipopita dhoruba iitwayo Bert, onyo la mvua kusini mwa Wales lilikuwa la njano. Mto Taff ukaingia majumbani mwa watu Pontypridd.

Nenda kasome tena angalizo lolote la TMA ulilonalo kwenye simu. Kule chini, baada ya kilomita na mita, wanaandika uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, kisha wanataja athari zenyewe: shughuli za uvuvi na usafirishaji majini. Hapo wanakutaja wewe, Shabani. Mistari hiyo ndiyo unayoipita. Upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa meli ya mizigo ni safari ya kawaida. Kwa ngalawa yenu, ambayo ubavu wake haufiki kiunoni mwako, mita 2 ni ukuta.

Najua utanitajia kimbunga Hidaya. Mei mwaka jana mlivuta vyombo mpaka juu kabisa, tangazo likatolewa hadi msikitini, Mama akalala kwa shangazi, kisha kimbunga kikafika Mafia kikapoteza nguvu. Mkasema mmetishwa bure na siku za kuvua zimepotea. Siku zile nazijua uzito wake, maana ndizo mlizokosa unga. Lakini mvua yake si ndiyo iliyoikata barabara pale Somanga, magari ya Dar na Lindi yakakwama? Nayo ikakatwa na kimbunga kilichokuwa kimekwisha kudhoofika. Walipowaambia kimbunga kinakuja, kilikuwa kinakuja kweli. Kama kingetua bila kudhoofika, na nyie mko dago na nyavu zenu, nani angekuwa anasoma barua hii?

Mimi sikufundishi bahari. Bamvua na maji mafu unayajua wewe, na harufu ya matlai unaisikia kabla ya mtu yeyote pale pwani. Ila macho yako yanaishia kwenye upeo wa bahari, na setilaiti inaona kilichoko siku tatu nyuma yake. Elimu yako ongeza na hiyo, usiache mojawapo.

Nimetuma pesa, zitafika kesho. Usizichanganye na za Mama za dawa. Nunua laifu jaketi nne, uzijaribu kwa kuvaa kabla hujalipa, na ya Musa iwe ndogo maana ile kubwa itamvuka kichwani. Mweleze nahodha wenu kwamba anayelipa ni mimi, kwa hiyo sharti ni langu: siku ya angalizo, kabla ya kushusha chombo, mtu mmoja asome ile mistari ya chini kwa sauti, wote wakisikia. Wakiamua kwenda, waende wamevaa. Ikiwa ni tahadhari kubwa, chombo kisishuke, na unga wa siku hizo nitatuma mimi. Hili naliweka kwa maandishi ili unidai.

Na lile bati la jikoni kwa Mama linalogonga usiku, lipigie misumari kabla ya masika.

Bibi wa hapa amenisikia nikikutaja, ameuliza kama nanyi mna mtu wa kuwagongea mlango. Nimemwambia ndiyo.

Nitumieni picha mkiwa mmevaa zile jaketi, wote wanne, Musa mbele.

Dada yako,
Mwanahawa