Mjomba na Mpwa Juu ya Jiwe: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wa karibu na wa mbali.

Mwaka jana, katika ukumbi huuhuu, tuliahidi kusoma maandishi sita ya mawe ya Tibeti ya kale. Tumesoma mawili, na hati moja ya karatasi. Sijutii hata kidogo, na ningependa niwaeleze kwa nini.

Jiwe la kwanza ni nguzo ya mkataba iliyosimama mbele ya hekalu la Jokhang, Lhasa, tangu mwaka 823. Mkataba wenyewe uliapwa mara mbili, kwanza Chang'an, mji mkuu wa China wakati huo, mwaka 821, kisha Lhasa mwaka 822, kati ya Tsenpo (ndicho cheo cha mtawala wa Tibeti) Tritsug Detsen na mfalme Muzong wa China, wa ukoo wa Tang. Upande wa magharibi lugha zote mbili zimechongwa bega kwa bega. Pande mbili nyembamba zina majina ya maofisa walioshuhudia kiapo, na majina ya Watibeti yameandikwa pia kwa herufi za Kichina. Hapo ndipo penye hazina: Mchina aliyeandika majina yale aliyaandika kama alivyoyasikia, kwa hiyo mpaka leo tunaweza kukadiria ni herufi zipi za Kitibeti, ambazo sasa huandikwa tu bila kutamkwa, zilikuwa bado zikisikika.

Wengi wenu mnakikumbuka kikao cha mwezi wa tatu. Rasimu ya tafsiri yetu, ambayo baadhi yetu tuliitoa kwenye tafsiri ya Kiingereza badala ya jiwe lenyewe, ilisema kwamba watawala hawa wawili ni "ami na mtoto wa ndugu yake". Mwalimu mmoja mstaafu wa Pemba, ambaye kwa kawaida husikiliza tu, alifungua kipaza sauti chake akauliza: "Samahani, ni ami kweli, au ni mjomba?" Ukimya ukatanda. Tukarudi kwenye jiwe. Neno lililochongwa ni *zhang*, nalo ni kaka wa mama, si ndugu wa baba. Herufi ya Kichina inayolikabili nayo ni hiyohiyo, mjomba. Mwenzake ni *dbon*, mpwa.

Kosa lilikuwa dogo kwa macho, lakini lilikuwa limeufunika mkataba mzima. Mfalme wa China anaitwa mjomba kwa sababu mabinti wa ukoo wa Tang waliolewa Tibeti: Wencheng mwaka 641, na Jincheng mwaka 710. Undugu ule umepitia kwa wanawake, na ndio msingi wa jiwe kudai kwamba vita kati yao ni vita vya jamaa. Na *zhang* halikuwa neno la nyumbani tu. Lilikuwa pia cheo cha mawaziri waliotoka katika koo zilizomzalia Tsenpo mama, kama vile Dro, Chim, Nanam na Tshepong. Wajomba wa mtawala walikuwa nguzo za serikali, na mara nyingine mwiba wake. Kwetu sisi, ambao katika nyumba nyingi posa haipokelewi bila mjomba kuulizwa, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Lugha inayotumia neno moja kwa ami na mjomba ndiyo inayohitaji kujieleza.

Tangu siku ile kamati imeamua, na leo naomba mkutano uthibitishe, kwamba kila tafsiri ya chama itatoka kwenye Kitibeti kwenda Kiswahili moja kwa moja. Tafsiri za wengine tutazisoma baadaye, kwa kujisahihisha. Neno *tsenpo* tutaliacha lilivyo, kwa sababu "mfalme" na "sultani" kila moja linaingia na mambo yake.

Haya ndiyo maneno ya mkataba kama tulivyokubaliana kuyaweka: "Watibeti wawe na raha katika nchi ya Tibeti, Wachina wawe na raha katika nchi ya China." Kati ya nchi hizo mbili moshi wala vumbi visionekane, na hata neno "adui" lisitajwe. Jua, mwezi na nyota vikaitwa kuwa mashahidi. Kuhusu moshi na vumbi tulibishana jioni nzima. Mwanzoni tulitaka kuandika "vita visiwepo", kwa kuwa ndiyo maana yake. Kisha tukaona tunawanyang'anya wasomaji picha waliyoachiwa na watu wa mpakani, ambao huuona moto wa ishara na vumbi la farasi kabla hawajaliona jeshi. Moshi na vumbi vikabaki.

Jiwe la pili ni nguzo ya Zhol, chini ya kasri la Potala, iliyosimamishwa mnamo 764 kumsifu waziri Takdra Lukhong. Linakumbusha jinsi majeshi ya Tibeti yalivyoingia Chang'an mwaka 763, mji mkuu wa Tang wenyewe. Lakini kilichotushika zaidi ni upande unaosema kwamba mawaziri wawili, wa ukoo wa Bal na wa ukoo wa Lang, walimwua Tsenpo Tride Tsugtsen, na Lukhong ndiye aliyeifichua hila yao. Tukafungua Kumbukumbu za Miaka, ile hati yetu ya karatasi inayoandika mambo ya mwaka baada ya mwaka, mwaka 755, tukakuta watu na mali za Lang na Bal zikishughulikiwa. Jiwe linataja kosa, karatasi inaonyesha adhabu, na hakuna aliyemnakili mwenzake.

Karatasi hiyo ilitoka katika pango namba 17 la Dunhuang, kaskazini-magharibi mwa China, ambalo mtunzaji wa mapango hayo, Wang Yuanlu, alilifungua mwaka 1900. Aurel Stein, mtafiti wa Uingereza, alifika mwaka 1907, Paul Pelliot wa Ufaransa mwaka 1908, na Kumbukumbu zikagawanyika: sehemu moja iko Paris, nyingine London. Tumeisoma kwa kufungua picha mbili kwa pamoja kwenye skrini. Mwaka 655 unasema hivi, nami naunukuu mzima, pamoja na maneno "Mwaka mmoja" yanayoufunga, kwa kuwa ni mfupi: "Mwaka wa Sungura. Tsenpo alikaa Mer-khe. Waziri mkuu Tongtsen aliandika maandishi ya sheria huko Gor-ti. Mwaka mmoja."

Mstari huu ulizua mjadala mkali kuliko wote. Mapokeo ya baadaye yanasema herufi za Kitibeti zilibuniwa na Thonmi Sambhota, aliyetumwa India na Songtsen Gampo, Tsenpo wa karne ya 7. Maandishi ya enzi ya dola yaliyobaki hayamtaji. Yanachotuonyesha ni waziri akiandika sheria. Hata hivyo nawasihi wale waliotaka tuyatupe mapokeo yote wapunguze mwendo. Pawo Tsuglag Trengwa, mwanahistoria wa karne ya 16, alinakili amri iliyochongwa kwenye nguzo ya monasteri ya Samye, na ukilinganisha nakala yake na jiwe unaona mkono wa mtu mwaminifu. Tsewang Norbu wa monasteri ya Kathok alinakili maandishi ya mawe katika karne ya 18. Hugh Richardson, mwanadiplomasia wa Uingereza aliyekuwa akiishi Lhasa kwa vipindi kati ya 1936 na 1950, aliyanakili tena kwa jasho lake. Mvua na mikono ya watu imeyala mawe, na kuna mistari tunayoisoma leo kwa sababu tu watu kama hawa walichukua kalamu mapema.

Taarifa ya fedha itasomwa na mhazini. Ada zimekusanywa vizuri, nawashukuru. Katibu amemaliza muda wake na ameomba asirudishwe, kwa hiyo tutapiga kura kabla ya chai.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tuyaache mawe kwanza, twende kwenye vibao vya mti vilivyookotwa katika ngome za Miran na Mazar Tagh, ukingoni mwa jangwa la Taklamakan, magharibi mwa China ya leo. Ni vya askari: posho, zamu za ulinzi, barua. Vingi vina tundu upande wa kulia la kupitishia uzi, na vingine vimechongwa upya vikaandikwa tena, maana mti ulikuwa adimu. Barua zake huulizia afya ya mpokeaji kwa kirefu kabla ya kugusa shida yenyewe. Kikao cha kwanza kitakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa mbili usiku kwa saa za Dar es Salaam. Mje na karatasi ya miraba, tutaanza kwa kunakili kwa mkono.