Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Tuonyesheni Faili

Mheshimiwa Waziri,

Mdogo wangu alifariki mwaka jana katika wodi ya wazazi ya hospitali moja hapa Dar es Salaam. Alijifungua jioni, akatupigia simu mwenyewe kutuambia ni wa kike. Usiku akaanza kutoka damu. Alfajiri tulipofika na chupa ya uji, nesi alitukabidhi khanga zake, na daktari akatamka maneno mawili: "Mungu amempenda."

Namwamini Mungu. Lakini faili lile halikuandikwa na Mungu. Nililiona dakika chache tu, mikononi mwa karani. Mahali pa muda wa kuagiza damu palikuwa na saa nane usiku, kisha kalamu nyingine, yenye wino mzito zaidi, ikaigeuza nane kuwa sita. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili hizo. Niliomba nakala, nikaambiwa faili ni mali ya hospitali. Nikaandika barua. Hadi leo sijajibiwa.

Majirani hapa Mbagala wananiambia nikamfunge daktari. Sheria ipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu uzembe uliosababisha kifo kuwa kuua bila kukusudia, na kifungu cha 233 kinagusa hata tiba ya kizembe inayohatarisha uhai. Nimelala na wazo hilo usiku mwingi, na kila mara nimesita. Daktari yule alikuwa peke yake zamu nzima. Akienda gereza la Segerea, atakayeshika nafasi yake ataogopa kumgusa mama mwenye hali mbaya. Atamwandikia rufaa ya Muhimbili, na mama atakatia roho kwenye foleni ya Kilwa Road.

Japani waliyapitia haya. Mama alifariki akifanyiwa upasuaji wa kujifungua mkoani Fukushima Desemba 2004, daktari wake akakamatwa Februari 2006, mahakama ikamwachia Agosti 2008. Madaktari nchi nzima walitikisika. Oktoba 2015 ukaanza utaratibu unaoilazimu hospitali kuchunguza kifo ambacho haikukitarajia, na kuieleza familia ilichokikuta.

Sisi, Mheshimiwa, hospitali zetu zina vikao vya kupitia vifo vya uzazi. Naambiwa havilengi kumnyooshea mtu kidole, ili watumishi waseme kweli. Sawa kabisa. Lakini kweli hiyo inabaki mle mle chumbani, sisi tunabaki na uvumi wa mtaani. Ukitaka kulalamika Baraza la Madaktari Tanganyika unahitaji ushahidi, na ushahidi uko kwenye faili usilopewa. Ndiyo maana kisa cha MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, cha 2007, mgonjwa wa goti alipopasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti, bado kinasimuliwa na ndugu wakiwa nje ya chumba cha upasuaji.

Najua takwimu zimeshuka: vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Nawapongeza kwa dhati. Ila nyumbani kwetu kuna mtoto anayelelewa na bibi yake.

Ninachoomba ni hiki. Familia ipewe nakala ya faili kamili ndani ya siku chache baada ya kifo, na kifo kichunguzwe na watu wasio wa hospitali hiyo. Daktari aliyekosea huku akipigania uhai asiburuzwe kama jambazi. Arekebishwe, na anayemwacha peke yake wodini aulizwe pia. Lakini aliyeingia zamu amelewa, aliyeitwa akakataa kuja, na yule aliyechukua kalamu ya pili kubadilisha saa, hao wapelekwe mahakamani bila kuoneana aibu.

Barua yangu ya kuomba faili ina mhuri wa mapokezi wa hospitali. Nitaileta ofisini kwako siku yoyote utakayonipangia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Kaka wa marehemu, Mbagala