Roketi za Malindi na hewa ya ndani

Mhariri,

Kila mjadala wa kurejesha urushaji wa roketi kule Malindi unapozuka, wasomaji wako hubishana juu ya ardhi, ajira na kelele. Sawa. Ila hakuna anayeuliza habari ya hewa, nami niliyezeekea kwenye matangi ya mafuta Shimanzi nina neno.

Tangi likivutwa mafuta ilhali tundu la kupumulia limeziba, bamba hubonyea ndani. Roketi hupatwa na kinyume chake. Huondoka ufuoni na hewa ya kawaida, yenye presha ya kilopaskali 101 hivi, katika kila chumba, hata chini ya kofia ya setilaiti. Dakika chache baadaye nje hakuna hewa ya maana. Ile ya ndani ikikosa pa kutokea, husukuma kuta kwa karibu tani 10 kila mita mraba. Ndiyo maana hutobolewa matundu, na wahandisi hukadiria itatoka kwa kasi gani. Kazi ngumu, kwa kuwa roketi inapokaribia kasi ya sauti, upepo unaoipita huvuta hapa na kusukuma pale. Tundu likikaa pabaya huingiza hewa badala ya kuitoa.

Waulize Wamarekani. Mei 14, 1973, sekunde 63 hivi baada ya Skylab, kituo chao cha anga, kuruka, ngao yake ya kukinga vimondo iling'oka. Bawa moja la sola likapotea, la pili likakwama. Uchunguzi ulionyesha kuwa yaelekea presha ilijaa katika mfereji mwembamba uliopita kwenye ngao. Waliopiga hesabu walichukulia kuwa mwisho wake wa nyuma umezibwa kabisa, kumbe una mianya. Wao, wachoraji na watengenezaji hawakuwa wameambiana. Hapo ndipo ninapokasirika: hesabu ilikuwa ya mchoro, chuma kilikuwa kingine.

Sisi tulirushiwa roketi za Scout za Marekani kutoka San Marco, jukwaa la baharini karibu na Malindi, kati ya 1967 na 1988, ikiwemo iliyobeba setilaiti ya Uhuru, Disemba 12, 1970. Fahari tunayo. Zikirudi, vijana wa vyuo vyetu vya ufundi wasiishie kulinda lango. Wapewe vihisio vya presha wavifunge vyumbani, wakague kila mwanya kwa macho yao kabla ya safari, kisha wasome namba zinazorudi kwa redio na kuzilinganisha na makadirio. Hilo liandikwe kwenye mkataba, na gazeti lako liliulizie.

Fundi mstaafu wa matangi,
Changamwe, Mombasa