Njoki, kiboko alianguka

Kisumu, Jumapili jioni

Mpendwa Njoki,

Salamu tele kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, goti la Mama limepona. Nisamehe kwa kunyamaza tangu kabla ya mvua. Nakuandikia kwa sababu ya mbao, lakini wacha kwanza nikueleze nilipofika.

Unakumbuka kile kigoda cha Ulm tulichoonyeshwa chuoni, cha mbunifu Max Bill, cha mwaka wa 1954? Mbao tatu na kijiti kimoja cha mviringo, basi. Na bado wanafunzi wa kule Ujerumani walikikalia, wakakigeuza meza, wakabebea vitabu. Wewe ulisema ni sanduku lililosahauliwa upande mmoja. Mimi hakijanitoka kichwani hadi leo. Kwa hiyo chekechea moja ya hapa iliponiagiza viti kumi, nikaunda kimoja cha majaribio, chenye umbo la kiboko. Akisimama anabembea, ukimlaza ubavu anakuwa meza ya kuchorea. Mgongo nimeusuka kwa gugumaji lililokaushwa, lile lile linaloziba njia za mitumbwi.

Siku ya kwanza alimwangusha mtoto. Mtoto hakuumia, tena alicheka, lakini mimi sikulala. Tao la chini nilikuwa nimelichora kwa kamba ya sentimita 40. Kiti kina kimo cha 28, na uzito wa mtoto aliyekaa uko kama 20 juu yake. Jumlisha: unapita kitovu cha tao, kwa hiyo akiinama kidogo hakuna cha kumrudisha. Nikapigilia msumari sakafuni, nikachora upya kwa kamba ya 90. Sasa anaenda na kurudi polepole, kama mtumbwi uliofungwa ufuoni. Nimeongeza na vigingi miishoni.

Lakini mwenye shule sasa anataka viti vya kawaida. Anasema watoto watacheza badala ya kukaa. Njoki, pale kuna katoto kasikotulia hata dakika mbili. Juu ya kiboko kalimaliza uji wote huku kanabembea, kisha kakaomba kalamu ya rangi. Niliona kwa macho yangu! Kile kubembea ndiyo kazi ya kiti, si pambo. Fundi Ouma naye anasema... basi, ya Ouma unayajua.

Nimeomba wiki mbili nilete vingine vitatu, watoto wenyewe wavijaribu. Shida ni kwamba mbao nilizonunua soko la Kibuye zilikuwa mbichi. Zilipokauka viungo vikaachana. Wewe uko karibu na Elburgon. Nitafutie mabaki ya saiprasi iliyokauka kweli, inchi nane kwa moja, hata vipande vya futi mbili mbili. Nitaunganisha kwa gundi. Pesa nitatuma mara moja.

Shemeji bado anapita huko na lori? Mabaki wanauza kwa futi au kwa rundo? Ile meza yako ya ukutani ya kukunja, bawaba zake ulizitoa wapi? Bado unashika randa mwenyewe, au umewaachia vijana? Na niambie ukweli: kiboko nimchonge macho, au nitakuwa nimezidisha? Mimi nayataka macho.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Nina hamu nawe sana.

Wako,
Adhiambo